Nilikujibia, Wambui

Ruiru, Jumamosi alasiri

Wambui, mdogo wangu,

Nyambura ndiye aliyeniagiza nikuandikie. Nilimwambia kwamba wafu hawasomi barua. Akanijibu mimi, dada mkubwa wa mama yake, bila kuniangalia, "Tata, si wewe umefunza watu kuandika barua miaka yote hiyo? Andika tu." Basi nimeketi kwenye meza yake, katika nyumba yake ya vyumba viwili hapa Ruiru. Mlango uko wazi. Nje namsikia binti yako akitembea kwa magongo kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, kisha anarudi. Magongo mawili hugonga saruji, halafu mguu mzima hufuata. Akifika kwenye tangi husimama kidogo ili ageuke, na kila anaposimama kalamu yangu nayo husimama, hadi nisikie tena magongo.

Leo ni siku ya tisa tangu apasuliwe. Sihitaji kukueleza wewe siku ya tisa ni nini.

Hukupenda nizunguke. "Mwalimu, fika kwa pointi, wateja wananingoja," ungesema, umesimama kati ya mafungu yako ya nguo za watoto pale sokoni Thika. Nitajaribu. Lakini jambo lenyewe nimelizunguka tangu ulipozaliwa, na leo sijui njia fupi ya kulifikia.

Siku kumi na mbili zilizopita Nyambura alikuwa akivuka barabara mbele ya duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi. Pikipiki ikamgonga. Mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Mimi nilikuwa nyumbani Kamenu, huko Thika, nikichambua maharagwe. Nilipofika hospitalini nilimkuta amelala, uso umempauka, mguu umefungwa gango. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Haki Tata," akasema, "umekuja na slipa." Ni kweli. Mimi ambaye sijawahi kuvuka lango bila viatu vilivyopigwa rangi, nilikuwa nimetoka Thika hadi Ruiru na ndara za jikoni. Nikajua kwamba akili zake zi salama.

Daktari alisema mfupa ungehitaji kuungwa kwa chuma. Siku iliyotangulia upasuaji alikuja muuguzi mmoja, Sista Akinyi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa na fomu. Akavuta kiti, akamweleza Nyambura kwamba mtu akipasuliwa na akilala muda mrefu, damu ya miguuni hupunguza mwendo na huweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likibanduka, hupanda hadi kwenye pafu na kuliziba. "Kwa hivyo tunauliza kabla," akasema. "Kila jibu lina alama zake. Zikiwa kidogo, tunakuamsha mapema utembee na unywe maji. Zikiwa nyingi, tunaongeza sindano."

Nilimwelewa upesi. Ulikuwa mtihani, ila mtihani ambao mwenye alama nyingi ndiye aliye hatarini. Halafu nikaitambua ile fomu. Karatasi ilikuwa nyingine na hospitali ilikuwa nyingine, lakini maswali yalikuwa yale yale uliyoulizwa wewe miaka sita iliyopita.

Unakumbuka? Ulikuwa umeketi kwenye kitanda cha wodi kule Thika, kesho yake uondolewe kizazi. Umevaa gauni la hospitali lililoachama mgongoni, na ukaapa kwamba nguo kama ile hata mteja mlevi asingekubali kuipokea. Muuguzi alikuwa kijana. Akakuuliza umri, nikamjibu mimi. Akakuuliza uzito, nikamjibu mimi. Ukacheka. "Sista, wewe uliza huyu tu. Tangu nizaliwe, huyu ndiye mdomo yangu."

Ilikuwa kweli. Nilikulea, nikakujibia. Nilikujibia kwa walimu, nikakujibia kwa mchungaji, nikawajibu hata wazee wa yule mwanamume aliyekuja kukuposa, na jibu nililowapa likawa hapana. Hukuolewa. Ukamzaa Nyambura ukiwa peke yako, ukampa jina la mama yetu, kama inavyompasa binti asiye na upande wa mume wa kupewa jina. Na hukuacha kunitania kwa hilo: "Huyu angeitwa jina ingine kama si mdomo ya Mwalimu."

Kisha yule muuguzi akauliza: "Kuna mtu kwenu aliwahi kuganda damu? Mguu kuvimba ghafla, upande mmoja? Ama kukosa pumzi ghafla akafa?"

Ukafungua mdomo. Ukasema, "Mama yetu..."

Nikakukata. "Hakuna," nikasema. "Mama yetu alikufa kwa malaria."

Ukaniangalia. Nimejiuliza mara nyingi uliona nini usoni mwangu. Pengine hukuona chochote, ila uso wa dada yako uliouzoea, unaojua kila kitu. Muuguzi akatia alama penye Hapana. Alama zako zikawa chache. Hukupewa sindano.

Sitajitetea kwa kusema kwamba sikulijua jambo lenyewe. Maneno hayo, damu kuganda, kweli sikuwa nayo. Lakini aliposema mguu uliovimba ghafla upande mmoja, niliuona mguu. Niliuona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Na bado nikasema hakuna.

Siku ya nne wakakuruhusu kurudi nyumbani. Karatasi ya maagizo ilisema utembee kidogo kila saa. Niliisoma yote, nikaitia ndani ya Biblia. Kwetu mgonjwa hulala. Watu huja kumwona, hupikiwa uji na supu ya mifupa, na mwenye nyumba anayemwacha mgonjwa ainuke huonekana hana utu. Kina mama wa kanisa walikuja kwa zamu. Ulisema, "Acha nitembee hadi kwa geti, nimechoka kuhesabu mabati." Nikakuambia, "Lala, Wambui. Unataka watu waseme sikutunzi?" Soksi nyeupe za kubana ulizopewa wodini zilikuwasha. Nilikuvua kwa mikono yangu, nikazifua, nikazikunja vizuri. Nilijiona dada mwema.

Siku ya nane ulisema shavu la mguu wa kushoto linauma kana kwamba umepigwa teke na punda. Nikachovya taulo katika maji ya moto, nikakukanda. Nikakukanda kwa nguvu. Siku ya tisa asubuhi uliinuka uende msalani, ukashika mwimo wa mlango, ukasema, "Wangari, sipati hewa."

Hukuniita Mwalimu. Sikumbuki siku nyingine uliyonitaja kwa jina langu.

Tulipofika hospitalini ulikuwa umekwisha kuniacha. Daktari alinieleza habari ya bonge, mguu na pafu. Akaniuliza tena kama kuna mwingine katika familia, nami nikatazama viatu vyangu. Akasema, kwa upole ambao ulinichoma, "Hata tungejua, nisingekuahidi kwamba angepona. Lakini tungemlinda zaidi." Nikarudi nyumbani, nikauandika wasifu wako wa mazishi: Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nimeisikia sentensi hiyo katika mazishi mengi. Haina kosa hata moja, na haimwambii mtu lolote.

Magongo yamesimama.

Nimetoka kuangalia. Anazungumza na jirani anayeanika nguo. Wanacheka jambo nisilolijua. Nimerudi kuketi.

Sasa nisikilize, Wambui, maana hapa ndipo nilipoagizwa nifike. Mama hakufa kwa malaria, na alipokufa hukuwa na umri wa mwaka mmoja, kama nilivyokuambia. Wiki mbili zako zilikuwa hazijatimia.

Alikuzaa nyumbani, kule Ngoliba, wakati wa jua kali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wanawake wa jirani walimkalisha ndani kama ilivyokuwa desturi. Hakuruhusiwa kufika hata penye kuni. Walimletea uji, wakamwambia asisumbue mwili. Kazi yangu ilikuwa kumwosha miguu jioni. Siku moja niliukuta mguu wa kushoto umejaa kama shina la mgomba, ngozi inang'aa, na ule wa kulia uko vile vile. Nilipougusa alishtuka. Akaniambia, "Usimwambie baba yako, ana mambo mengi." Nikamtii. Nilikuwa mtoto mtiifu sana.

Siku iliyofuata walikuja wageni kukuona. Mama akainuka kuwapokea, maana hangeweza kuwasalimu wageni akiwa amelala, na wewe ulikuwa mikononi mwake. Alianza kuwakaribisha, akanyamaza katikati ya neno. Akanigeukia upesi, akakuweka mikononi mwangu, akasema, "Mshike kichwa." Halafu akashika kifua chake, akaanguka.

Nilikishika kichwa chako. Sikuweza kumshika yeye.

Kaburini mwanamke mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu wajukuu wake ni watu wema, alisema kwa sauti, "Mtoto huyu amemla mamake." Baba alisikia, nami nilisikia. Baada ya maziko Baba aliniita kando, akasema kwamba hukuja duniani ubebe mzigo huo. Kwamba yeye na mimi tutasema ni malaria, tena tutasema ulikuwa umeshaanza kutembea. Muda si mrefu akapata kazi ya kiwandani Thika, tukahamia mjini ambako hakuna aliyetujua. Uongo wetu ukakosa mpinzani.

Ulipokua ulikuwa unaniuliza, "Mama alinibeba aje? Aliniimbia?" Nikakuambia alikubeba kwa kanga ya buluu. Nikakuambia alikupeleka mtoni, ukaogopa kivuli chako majini. Nikakutajia hata neno lako la kwanza na jinsi alivyocheka. Nilikutungia mwaka mzima wa mama, Wambui, mwezi kwa mwezi, na wewe ukausimulia kwa wenzako sokoni kana kwamba unaukumbuka.

Ndiyo maana nilikukata maneno pale wodini. Nilikutazama, kesho yake upasuliwe, nikafikiri: nikisema sasa, ataingia kwenye chumba cha upasuaji akiamini kwamba alimwua mama yake. Niliuchagua moyo wako. Sikujua kwamba nilikuwa nachagua.

Turudi kwa binti yako.

Sista Akinyi alianza kuuliza, na kabla ya kila jibu Nyambura aliniangalia kwanza. Kuangalia kule kule kwako. Akaulizwa umri, nikajibu. Akaulizwa kama anavuta sigara, nikajibu kwamba hakulelewa hivyo. Sista akaiweka kalamu juu ya blanketi. "Cucu," akaniambia, kana kwamba mimi ni nyanya yake, "hapa mgonjwa ni nani?" Mama wa kitanda cha pili akaangua kicheko. Nikaukumbatia mkoba, nimekasirika.

Kisha swali likaja, karibu neno kwa neno. Nyambura akajibu mwenyewe, kwa kujiamini, kama mwanafunzi aliyekariri vizuri. "Cucu yangu alikufa na malaria. Na Mum alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Sentensi yangu. Nilimfunza mwenyewe kuisoma mbele ya waombolezaji.

"Kuugua nini?" Sista akauliza.

"Sijui. Tata ndiye anajua."

Wote wawili wakanigeukia. Wambui, nimesimama mbele ya madarasa ya wanafunzi sitini na sikuwahi kukosa sauti. Pale niliikosa. Nilijua nikisema, mtoto huyu atanihesabia miaka sita niliyomficha, naye ndiye mtu pekee wa damu yangu aliyebaki. Na nilijua nikinyamaza, kalamu itatia alama penye Hapana. Niliutazama mguu wake kwenye gango. Nikashika chuma cha kitanda.

"Andika ndiyo," nikasema. "Andika mara mbili."

Nikaeleza. Sista hakuinua kichwa, aliandika tu. Nilipomaliza akauliza, "Mama yake baada ya upasuaji, na nyanya yake baada ya kujifungua. Una hakika, Cucu?"

"Niliwaona wote wawili wakianguka."

Nyambura hakulia. Alisema polepole, "Kwa hivyo ulikuwa unajua." Halikuwa swali. Kisha akamgeukia Sista, akasema kwa sauti kavu, "Andika pia natumia tembe za kupanga uzazi. Hiyo ningeificha juu ya Tata."

Sista akaandika. Tembe zile pia, akasema, huongeza uwezekano wa damu kuganda, na daktari angetaka kuzijua. Halafu akanitazama, na safari hii hakuwa mkali. "Umeona, Cucu? Kumbe ungetoka nje kidogo, tungepata ukweli mapema."

Nyumbani mwetu watu walinificha ukweli ili wanilinde, nami niliwaficha ili niwalinde, na fomu ile ilikuwa ikijazwa hivyo hivyo.

Alama za Nyambura zilikuwa nyingi. Daktari akaja mwenyewe. Akaagiza tembe zisimame, na akaahidi kuzungumza naye kuhusu njia nyingine. Na alipokuwa akisema hayo, nilisoma tangazo la ukutani kuhusu kunawa mikono, tangu juu hadi chini, mara mbili. Akaagiza soksi ya kubana kwa mguu usiovunjika, na sindano ya tumboni kila siku baada ya upasuaji, wakisha kuhakikisha kwamba kidonda hakivuji. Alinieleza kwamba dawa inayozuia damu kuganda yaweza pia kuifanya itoke kupita kiasi, kwa hiyo hawampi kila mtu ovyo. Hupima hatari moja dhidi ya nyingine. Ndiyo maana wanahitaji majibu ya kweli. Alilisema hilo bila kunitazama, nami nilimshukuru.

Siku ya pili baada ya upasuaji walimsimamisha. Alipiga kelele kwa maumivu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema, Mwacheni alale. Niliikalia mikono yangu, Wambui, niliikalia kabisa, hadi alipopiga hatua nne na kurudishwa kitandani akitokwa jasho.

Siku ya nne nilimleta hapa kwake, na mimi nikahamia na mkoba wangu. Sindano hujidunga mwenyewe, saa ile ile kila siku. Mimi humpa pamba. Siku za kwanza hakuniambia ila "asante" na "tafadhali." Binti uliyemlea wewe, Wambui, mwenye maneno kama mvua, akiniambia tafadhali. Afadhali angenitukana.

Kina mama wa kanisa walifunga safari kutoka Thika na supu yao. Walimkuta kwenye saruji ya uani, uso umemkunjamana, anahesabu hatua. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, kwani unatesa mtoto ya wenyewe? Si umwache alale!"

Nikamjibu, "Namtembeza ili asimfuate mama yake."

Wakaitua chini sufuria. Mama Njeri, yule uliyekuwa ukimtania kwa kutembea kama bata, akavua viatu, akaenda akatembea kando ya Nyambura hadi kwenye tangi. Wakarudi pamoja.

Siku ya sita Nyambura aliniita kutoka chumbani. Shavu la mguu uliovunjika lilikuwa linauma. Nitakuambia nilichofanya, ingawa naona haya: nilikuwa nimekwisha kuwasha jiko na kuteka maji, taulo liko begani, kabla sijaijua mikono yangu inafanya nini. Nikauzima moto. Nikaliweka taulo chini. "Vaa," nikamwambia. "Tunakwenda."

"Tata, labda ni mfupa tu."

"Labda. Wataniambia wao."

Walimpima mguu kwa ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Kijana mpimaji alimpaka ute baridi, akawa anabonyeza mshipa kidogo kidogo kutoka kwenye paja kushuka chini, akitazama picha ya kijivu. Mimi nilitazama uso wake. Alirudi mahali pamoja mara mbili. Akabonyeza tena. Nikaanza kukuona wewe umeshika mwimo wa mlango. Akasema, "Hakuna bonge hapa. Damu inapita vizuri. Huu ni uvimbe wa mfupa."

Nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi, nikalia kilio ambacho sikukulilia siku ya mazishi yako, kwa sababu siku ile nilikuwa nimeshika ratiba. Nikasikia magongo nyuma yangu. Nyambura alisimama tu. Akauliza, "Mum alijua vile cucu alikufa?"

"Hapana."

"Kwa hivyo alikufa akijua ni malaria."

"Ndiyo."

Tuliporudi nyumbani alinimiminia chai mwenyewe, kwa mkono mmoja, gongo moja kwapani, na nusu ikaenda kwenye kisahani.

Na leo asubuhi akaniuliza, "Leo ni siku ya ngapi?" Nikajifanya nahesabu. "Tisa," akasema. "Si nimeona vile unaniangalia. Tata, unaniangalia kama maziwa iko kwa moto. Toka hapo kwa mlango. Keti, andika. Mwambie Mum vile uliniambia mimi."

Nimekuambia.

Jua limeshuka hadi kwenye kamba ya nguo za jirani. Amekuja mlangoni, anahema kidogo, nami nimemtazama anavyohema hadi akaniambia, "Ni kuchoka tu, Tata. Watu huchoka." Anataka viazi. Nitaiacha kalamu hapa.

*

Kamenu, Alhamisi

Siku ya tisa ilipita, na ya kumi, na nyingine. Jana tulikwenda kliniki akatolewa nyuzi, nami nikarudi kwangu.

Sista Akinyi alikuwepo na karatasi yake. Alitaka kujua kama kuna uvimbe, kama pumzi iko sawa, kama kuna sindano aliyoiruka, na mambo mengine ya mwanamke kijana na daktari wake. Kabla hajauliza la kwanza, Nyambura aliniangalia. Sista pia aliniangalia. Wakangoja.

Niliinuka. Nikauchukua mkoba wangu, nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu.

Niliketi kwenye benchi la ukumbini kando ya mwanamke mwenye mkono uliofungwa plasta. Akaniuliza, "Ni wako ako ndani?"

"Ni wa mdogo wangu."

"Na mbona hujaingia na yeye?"

"Anajua kusema," nikamjibu.

Mlango ule ni mwembamba. Nilimsikia Sista akiuliza na Nyambura akijibu, kisha wakacheka wote wawili. Maneno sikuyapata. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu mtu wa nyumba yetu kuulizwa jambo nami nisijue amejibu nini. Nilikaa pale mikono imetulia juu ya mkoba, nikaona kwamba naweza kulivumilia.

Nimeandika karatasi nyingine, fupi kuliko hii. Ina jina la mama yetu na jina lako, na kilichowaua, bila yale maneno ya kuugua kwa muda mfupi. Nyambura anayo moja kwenye pochi yake. Nyingine ni yangu, maana damu ni ile ile, na siku nitakapolazwa mimi kwa upasuaji, atakayeulizwa asipapase gizani. Naahidi sitamjibia mtu tena aliye na kinywa chake. Na nikiulizwa juu ya wafu wangu, nitasema walivyokufa.

Sasa nakuaga, mdogo wangu, nawe usiondoke na huzuni ya ile kanga ya buluu. Haikuwepo. Mto haukuwepo, wala neno la kwanza. Hukumwua mama, mguu ulivimba, na sisi sote tukamwambia alale. Lakini siku zile chache alizokuwa na wewe hakukuweka chini ila alipolala usingizi, na pumzi yake ya mwisho aliitumia kukuombea mikono. Mshike kichwa, alisema. Hilo sikulitunga.

Dada yako,
Wangari